Jina la Tatu

Basi lilimshusha Theonest mjini Ngara Jumatano saa tisa alasiri. Alikuwa na begi moja na boksi la viatu vyeupe, boksi alilolipakata tangu Dar es Salaam kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Safari ilikuwa imemla siku nne, maana vita ilikuwa imekwisha lakini mafuta yalikuwa hayajarudi, na mabasi yalilala njiani kama ng'ombe waliochoka. Hakujali. Jumamosi ingefika, naye angesimama mbele ya padre na Melania binti Leonidas akiwa amevaa viatu vile.

Alishika njia ya Nyamiaga kwa miguu. Kila aliyempita alimpa pole ya safari na hongera ya harusi kwa pumzi moja. Kijiji kizima kilimjua: mtoto wa palepale, aliyesoma hesabu Mlimani hadi serikali ikampeleka Ulaya, akarudi na kazi ambayo hata baba yake hakuweza kuieleza kilabuni. "Anafundisha mashine kusoma," mzee alikuwa akisema, na watu walitikisa vichwa.

Hakuwa mbali na ukweli. Theonest alikuwa mtafiti wa lugha za kompyuta. Mashine, alivyopenda kueleza, haina akili hata chembe. Husoma maagizo uliyoiandikia, kwa lugha iliyotungwa na watu, na hutenda kama ulivyoandika hata kama hukukusudia hivyo. Lugha zilizokuwapo zilimwacha mwandishi akosee bila kumwambia. Yeye alikuwa akitunga lugha mpya, pamoja na mfasiri wake, yaani programu inayoyasoma maagizo yote kwanza na kugoma ikiona kosa, kabla kazi haijaanza na mtu hajaumia.

Melania ndiye mtu wa kwanza aliyemsikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa Pasaka, wamekaa kwenye ukingo wa kisima. Alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, macho yamevimba kwa kulia miezi miwili.

"Sasa mashine ikielewa vibaya," aliuliza kwa sauti ya mwalimu wa darasa la saba, "anachapwa nani?"

"Mwandishi."

Akacheka. Jicho lake la kushoto lilifumba kidogo, kama alivyofanya walipokuwa watoto wakichunga mbuzi pamoja, na Theonest akajua kwamba miaka yote ile ya Ulaya hakuwa amepona.

Alipoukaribia mji wa Mzee Leonidas alitarajia kusikia wanawake wakiimba. Hapakuwa na wimbo. Banda la harusi lilisimama nusu, nguzo upande mmoja, migomba iliyokatwa kwa ajili ya mapambo ikinyauka chini. Mama yake Melania, Zita, alikuwa mlangoni ameshika tama. Alipomwona mkwewe mtarajiwa aliinuka, akasita, akakaa tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na safari." Hakumtazama. "Mwenzio yuko nyuma, kwenye kahawa. Nenda. Labda wewe atakusikia."

Melania alikuwa amesimama kati ya mibuni, gauni la kushindia nyumbani, miguu mitupu. Theonest alitaka kukimbia amkumbatie. Uso wake ulimzuia. Haukuwa na hasira, ulikuwa umepauka kwa uchovu, kama uso wa mtu aliyekesha na mgonjwa hadi mgonjwa akafa.

"Mela. Kuna nini?"

"Umefika salama?"

"Nimefika. Kuna nini?"

Alimpa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Imeletwa juzi na mwalimu wa Nyamahanga. Soma."

Theonest aliangalia chini kwanza, kwenye sahihi. *Mihayo Bulugu Shibuda.* Hakushangaa. Alishikwa na hofu ya mwizi aliyesikia mbwa akibweka upande aliofichia mali.

Akasoma.

*Melania, nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia haukunjiki, ndiyo sababu mwandiko wangu umeharibika. Niliandika barua mbili kutoka hospitali, nadhani zilikwenda shuleni baada ya wewe kuhama. Nilifika nyumbani tarehe nane Agosti. Mama aliponiona alikimbia, kumbe walikwisha kunililia matanga. Niliuliza habari zako siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu akasema umevishwa pete na msomi wa Dar es Salaam, na kwamba unacheka tena. Nilikaa siku tatu nikiwaza kuja Ngara. Baba akasema mtu aliyeliliwa akiwa hai aoe upesi, asije akarudi alikotoka. Jumamosi iliyopita nimemwoa Limi, binti wa Geita. Ni msichana mwema. Sikulaumu. Nani angemngoja maiti? Ishi vizuri.*

Hapa hadithi lazima irudi nyuma kidogo, kwa sababu Theonest alisimama na barua ile mkononi akijua jambo ambalo Melania hakulijua.

Mihayo alikuwa Msukuma wa Nyamahanga, mtoto wa wafugaji waliohamia Biharamulo kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa akipeleka maziwa shuleni Melania alikofundisha. Mapenzi yao yalianzia kwenye debe la maziwa, yakaishia kwenye ugomvi mkubwa nyumbani, kwa maana Mzee Leonidas alikuwa katekista. "Hajabatizwa, na nyumba yake ni mgongo wa ng'ombe," alisema. "Leo yuko Nyamahanga, kesho umtafute wapi?" Melania alikaza shingo. Kisha ikaja Novemba, mgambo wakaitwa, Mihayo akapanda lori pamoja na vijana wengine wa Biharamulo. Februari ikaja simu ya maandishi: ameuawa.

Simu hiyo ilitokana na orodha, na orodha ilitokana na programu ya Theonest.

Aliiandika mwenyewe Desemba, kwa haraka ya vita, alipoombwa aisaidie ofisi moja ya Dar es Salaam kupanga majina ya mgambo ambao namba zao zilikuwa bado hazijatoka. Nafasi ndani ya mashine ilikuwa haba. Akatenga nafasi kumi na tatu kwa kila jina, akaona zatosha. Jina refu lilikatwa mkia, na mashine haikusema kitu. Ikikuta majina mawili yamefanana ndani ya wilaya moja, ilihesabu kwamba ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, ikamfuta mmoja.

Julai, akilijaribu zao la utafiti wake, alimpa mfasiri wake mpya ile programu ya zamani aisome. Mfasiri aligoma palepale: *jina halienei.* Theonest alifurahi kama mtoto. Utafiti wa miaka mitatu ulikuwa umethibitika! Akaenda stoo, akafunua fomu za karatasi moja moja, akatafuta watu waliomezwa. Aliwapata kumi na mmoja. Wa kumi na moja alikuwa Mihayo Bulugu.

Walikuwa wawili. Mihayo Bulugu Shibuda wa Nyamahanga. Mihayo Bulugu Mayunga wa Nyabusozi. Wilaya moja, na jina la tatu lilikuwa limekatwa. Taarifa ya kikosi ilionyesha kwamba aliyeuawa Februari ni huyu wa Nyabusozi; mashine ilikuwa imemfuta, simu ikaenda Nyamahanga.

Alikaa na zile fomu mbili hadi mlinzi alipokuja kufunga stoo. Posa ilikuwa imekwisha kupokelewa. Melania alikuwa ameanza kuandika *mpenzi* mwanzoni mwa barua zake. Theonest alizitia fomu zile chini kabisa ya droo yake, kisha akaandika taarifa kwa wakubwa kwamba amegundua kosa, na kwamba walioathirika ni watu kumi.

Sasa Melania alikuwa akimtazama kati ya mibuni.

"Yu hai," alisema. "Nimemlilia mpaka nikakosa machozi, kumbe yu hai. Nieleze, Theonest. Wewe ndiye mtu wa mashine. Ilikuwaje?"

Angeweza kusema hajui. Badala yake aliona upenyo wa kusema nusu ya kweli, na nusu ya kweli humtamanisha mwoga kuliko uongo mzima.

"Ni ile orodha. Niliiandika mimi, Mela. Nilitenga nafasi chache, majina ya watu wawili yakawa moja. Ni kosa langu. Nisamehe."

Melania alifumba macho. Machozi yalimtoka polepole, akayaacha.

"Wewe? Kumbe ni wewe."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia." Alikaa chini, mgongo kwenye shina la mbuni. Kisha akasema jambo ambalo Theonest hakulitegemea. "Kosa ni kosa. Ulikuwa unafanya kazi usiku na mchana, kulikuwa na vita. Hata mimi hukosea kujumlisha alama za mtihani, mtoto akakosa nafasi. Siwezi kukuchukia kwa kukosea."

Theonest alipiga magoti mbele yake, akaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, lakini haukujivuta.

"Baba anasema ndoa imekwisha tangazwa kanisani mara tatu," Melania aliendelea. "Anasema Mihayo ameoa, basi Mungu ameamua. Mimi nimewaambia wasimamishe banda mpaka uje. Nilitaka nikuone usoni kwanza. Nilijiambia, nikimtazama Theonest nitajua kama bado naweza."

"Na unaweza?"

"Ngoja." Alipangusa pua kwa kiganja, kama msichana mdogo. "Walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Waliochanganywa. Hakuwa Mihayo peke yake?"

"Kumi na mmoja," alisema Theonest.

Neno lilitoka kabla hajaliona. Mkono wa Melania ulitulia ndani ya mkono wake, kisha ukatoka.

"Julai uliniandikia," alisema taratibu. "Barua ya kurasa nne. Ulisema lugha yako imeligundua kosa lako mwenyewe, kwamba umewarudishia majina yao watu kumi. Niliwasomea darasa la saba. Niliwaambia, tazameni, huyu ndiye mume wangu mtarajiwa, anatafuta makosa yake mwenyewe ayasahihishe. Ulisema kumi, Theonest."

"Mela..."

"Wa kumi na moja ulimjua lini?"

Ndege mmoja alilia juu ya mbuni, akaruka. Theonest alitazama miguu mitupu ya Melania, udongo mwekundu kati ya vidole.

"Siku ileile."

"Julai."

"Julai. Niliogopa. Nimekupenda tangu tukichunga mbuzi, Mela, unajua. Nilikwenda Ulaya nikiwa na wewe kichwani, nikarudi nikakuta una mtu. Nikanyamaza. Kisha Mungu akanipa..."

"Usimtaje Mungu."

"Nilijiambia nitakueleza baada ya harusi."

"Baada ya harusi! Nikiwa nimelala kitandani mwako, na pete kidoleni, ndipo ungenigeukia uniambie: mke wangu, yule yu hai?" Alisimama. Sauti haikupanda, ndiyo kwanza ilishuka. "Amefika kwao Agosti nane. Kakaa siku tatu akiwaza kuja Ngara. Siku tatu, Theonest! Ungeniandikia mstari mmoja Julai, ningekuwa nimekaa mlangoni kwao namngoja."

"Na mimi ningekuwa wapi?"

"Ungekuwa mtu mwema niliyemkataa. Sasa u nani?"

Mzee Leonidas alikuwa amesikia sauti zao, akaja akiegemea fimbo yake, kanzu ya ukatekista imefungwa vifungo hadi shingoni.

"Inatosha," alisema. "Melania, ingia ndani. Watu wanatazama."

"Baba, alijua. Alijua tangu Julai kwamba Mihayo yu hai."

Mzee alimtazama Theonest. Kitu kilipita machoni mwake, pengine aibu, kikapita upesi.

"Kijana amekosa. Atatubu kwa padre. Lakini tufikiri kama watu wazima. Yule ameoa. Huyu yuko hapa, mtu wa dini yetu, mtu wa nyumbani. Ukimwacha huyu unabaki na nani?"

"Nabaki na mimi, baba."

"Mwanamke habaki na yeye mwenyewe."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza." Alimgeukia Theonest, na kwa mara ya mwisho alimtazama vizuri, paji la uso, macho, midomo, kama mtu anayekagua chumba anachohama. "Ungekosea mara mia ningekusamehe mara mia. Lakini ulikaa na karatasi mbili, ukanichagulia ipi nisiione. Nitawezaje kula ugali ulioupika wewe?"

Theonest aliweka boksi la viatu chini ya mbuni. Hakujua kwa nini. Mikono tu ilikuwa imechoka.

Melania alipiga hatua mbili kuelekea nyumbani, kisha akasimama.

"Yule mwingine," alisema bila kugeuka. "Aliyekufa kweli. Ana mama?"

"Fomu inasema anaitwa Nshoma. Wa Nyabusozi."

"Ameshaambiwa?"

Theonest alitikisa kichwa. Kumwarifu mama yule kungehitaji kuitoa fomu kwenye droo, na fomu ingemfufua Mihayo wa Nyamahanga.

"Ee Mama Maria," alinong'ona Melania. "Kumbe hata huyo." Akaingia ndani, na mama yake akaufunga mlango.

Jumamosi ile kengele ya misa ilipolia, Theonest hakuwa kanisani wala Melania. Theonest alikuwa juu ya lori la mbao lililokuwa likirudi Biharamulo, akishuka kuelekea Nyabusozi. Hakuna aliyemtuma. Hakujidanganya pia kwamba safari ile ingemrudishia chochote, maana Melania alikuwa amerudisha pete kwa mkono wa mama yake, imefungwa ndani ya karatasi tupu isiyo na hata salamu.

Walimwelekeza mji wa Nshoma kwa kumwonyesha minyaa iliyouzunguka. Alimkuta mwanamke mnene wa makamo, ameketi juu ya kigoda akipepeta mtama. Uani palikuwa pamefagiwa vizuri. Kulikuwa na kibanda kipya, udongo wa kuta haujakauka bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu." Aliitazama suruali yake, begi, viatu vya mjini, na uso wake ukang'aa. "Umetoka jeshini? Umetoka kwa Mihayo?"

"Nimetoka Dar es Salaam, mama."

"Kwenye ofisi yao! Nilisema. Wenzake wameanza kurudi tangu mwezi wa nane, wa kwangu tu ndiye anakawia. Kaa, kaa kwanza, mgeni haulizwi akiwa amesimama." Aliingia ndani, akatoka na maji kwenye kata na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na kuchanganywa na karanga. "Kula. Mwenzio anaipenda hii kuliko nyama. Nanyi huko hamuwapi."

Theonest aliishika sahani. Alikuwa amejipangia maneno njiani, kuhusu nafasi kumi na tatu, kuhusu mashine isiyo na akili, kuhusu majina. Yote yalimkauka. Alisema jina tu, lote.

"Mama, mwanao ni Mihayo Bulugu Mayunga?"

"Ndiye. Mayunga ni babu yake."

"Alifariki Februari, mama. Alizikwa hukohuko na wenzake. Habari ilipelekwa Nyamahanga kwa makosa, kwa mtu wa jina kama lake. Makosa yalikuwa yangu."

Nshoma hakulia. Aliendelea kumtazama kama anayengoja sentensi ile iishe. Ungo ulikuwa bado magotini mwake, na punje za mtama zilianza kuteleza ukingoni, moja moja, kisha nyingi, kuku wakaja wakazidonoa miguuni pake.

"Februari," alisema.

"Ndiyo mama."

"Wewe umejua Februari?"

Angeweza kusema jana. Pale hapakuwa na mtu wa kumbishia.

"Nimejua Julai."

"Julai," alirudia, akihesabu kwa vidole kama mtu asiyeamini miezi. "Nane. Tisa. Mimi mwezi wa nane nimemposea mke. Kile kibanda ni chake, nimekandika kwa mikono yangu. Wazee wa yule binti wanakuja kesho kuzungumza."

Theonest alitazama udongo mbichi wa kuta zile.

Nshoma alinyanyuka, akauweka ungo chini bila kuwajali kuku. Alikuja hadi mbele yake, akaichukua ile sahani ya michembe kutoka mikononi mwake, taratibu, bila hasira, akaifunika kwa kawa.

"Hii ilikuwa ya rafiki wa mwanangu," alisema. "Wewe utalala hapa. Kesho wakija, utawaambia wewe."